Bukavu, Karibu na Bajor

Mashabiki wengi wa Star Trek niliowahi kuzungumza nao waliipenda kwa ajili ya meli: Enterprise na injini zake zinazoipita kasi ya mwanga, Nahodha Kirk kitini, Spock na masikio yake yaliyochongoka. Mimi nilinaswa na mwanamke aliyekaa nyuma ya nahodha, kifaa sikioni, kazi yake kupokea sauti za walimwengu wote. Kanda niliyomwona kwa mara ya kwanza ilikuwa ya mjomba wangu, pale Ujiji, imechakaa mpaka picha inarukaruka. Katikati ya kurukaruka huko Luteni Uhura akasema maneno ya Kiswahili. Mjomba akairudisha kanda nyuma, tukasikiliza tena, watoto wote tumesogea hadi puani mwa televisheni.

Kwa asiyeijua, hadithi hii ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966. Mtunzi wake, Gene Roddenberry, aliwaza binadamu wa karne ya 23 waliokwisha kuishinda njaa na ubaguzi duniani kwao, wakisafiri pamoja nyotani. Nichelle Nichols, aliyemwigiza Uhura, alikwenda kwenye usaili akiwa na riwaya ya Robert Ruark kuhusu Kenya, iitwayo Uhuru, na jina la mhusika wake likatokana na kitabu hicho. Sehemu tuliyoiona Ujiji, "The Changeling", ni ya 1967: mtambo umemfuta Uhura kumbukumbu, anafundishwa upya kusoma Kiingereza, na anapokwama anarudi kwenye lugha ya kwao. Baada ya msimu wa kwanza Nichols alitaka kuacha kazi, maana maneno aliyopewa kusema yalikuwa machache na yaleyale. Martin Luther King alimsihi abaki. Mwaka 1977 NASA ikamtumia kuwashawishi wanawake na watu weusi waombe nafasi za uanaanga, na Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kufika angani mwaka 1992, amesema wazi kwamba Uhura alimtia moyo tangu utotoni. Hayo nimeyajua miaka mingi, na bado nikiyasimulia darasani sauti hunibadilika.

Lakini Star Trek iliyonishika ukubwani ni nyingine. Deep Space Nine ilianza Januari 1993 na kuisha 1999, sehemu 176, na katika miaka yake ya mwanzo karibu kila kitu kinatokea mahali pamoja: kituo cha angani kilicho pembeni mwa sayari ya Bajor. Bajor imetoka kutawaliwa kwa mabavu na Wacardassia kwa miaka hamsini hivi. Kituo chenyewe walikijenga wao ili kuchenjua madini ya sayari hiyo, na waliofanya kazi humo walikuwa Wabajor waliotumikishwa. Walipoondoka walikivunjavunja na kubeba kila chenye thamani. Kamanda Benjamin Sisko, anayeigizwa na Avery Brooks, anafika na kukuta nyaya zinaning'inia na maduka yamebomolewa. Msaidizi wake ni Meja Kira Nerys, mwanamke aliyeingia kwenye upinzani akiwa bado mtoto na hajui kuishi bila adui.

Nafundisha fizikia Kasulu, mkoani Kigoma. Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi waliovuka Ziwa Tanganyika kutoka Kivu Kusini, iko wilayani kwetu. Nilipomwona Kira kwa mara ya kwanza, jinsi anavyosimama akiupa ukuta mgongo, jinsi anavyokasirikia huruma ya mgeni, nilimfahamu papo hapo. Wanawake wa namna yake nimenunua vitenge kwao.

Hadithi hiyo ndiyo iliyonipeleka Bukavu, mji wa Kivu Kusini nchini Kongo. Mwenyeji wangu huko ni mwalimu mstaafu wa fizikia ambaye mtaani kwake wanamwita Papa Prof. Tulikutana Bujumbura kwenye semina ya walimu. Wakati wa kuagana akainua kiganja, vidole viwili huku na viwili kule: ile salamu ya Spock, ambayo Leonard Nimoy aliitoa kwenye baraka za makuhani wa Kiyahudi alizoziona katika sinagogi utotoni. Tulikosa basi letu sote wawili kwa mazungumzo. Alikuwa ameiona Star Trek akisoma Ubelgiji miaka ya 1980, televisheni ya Ufaransa ilipokuwa ikiirusha kwa Kifaransa, na aliporudi nyumbani hadithi ikakatikia hapo. Deep Space Nine alikuwa ameisikia tu. Nikamwahidi kwamba nitamletea mwenyewe, na binamu yangu aliyeko Brussels akanitafutia diski za misimu yote saba, zenye sauti ya Kifaransa.

Nilisafiri Julai 2024. Kutoka Kigoma nilipita Manyovu hadi Bujumbura, nikavuka Gatumba, ambako maji ya Tanganyika yaliyopanda mwaka ule yalikuwa bado yamezingira nyumba za watu, nikaingia Uvira. Kutoka hapo barabara inafuata bonde la Mto Ruzizi kuelekea ulikotoka. Ruzizi unatoka Ziwa Kivu na kumwaga Tanganyika, kwa hiyo kila tone nililokuwa nikiliona dirishani lilikuwa njiani kwenda kwetu. Vyombo vidogo vya kituo cha Sisko vinaitwa kwa majina ya mito ya dunia: Ganges, Rio Grande, Mekong, Orinoco, Volga. Ningepewa nafasi, kimoja kingeitwa Ruzizi.

Kamanyola gari lilisimama watu wale. Abiria mwenzangu, mama mmoja mfanyabiashara, alinionyesha kwa kidevu kambi iliyokuwa ya MONUSCO. Ilikabidhiwa kwa polisi wa Kongo mwezi Februari mwaka ule, na mwisho wa Juni, wiki chache tu kabla ya mimi kupita, ujumbe huo wa Umoja wa Mataifa ulikuwa umefunga shughuli zake katika Kivu Kusini nzima.

"Bamekwenda," akasema, akimenya ndizi. "Sisi njo tunabakiaka."

Maneno hayo yalinikaa kichwani njia nzima, maana ndiyo kasoro ninayoiona katika Star Trek ya kwanza pamoja na mapenzi yangu yote kwayo. Enterprise inafika kwenye sayari yenye matatizo, inawafumbua watu macho, inamwangusha dhalimu au mashine iliyojifanya mungu, kisha inaondoka. Karibu kila sehemu inaisha hivyo, meli inapaa na muziki unapanda. Hatuonyeshwi asubuhi inayofuata. Nani alifungua soko? Waliokuwa wakimtumikia yule dhalimu walihamia wapi? Kivu imeona wageni wengi wanaofika kwa magari meupe, wanauliza maswali mazuri, wanaandika ripoti, kisha muda wao unaisha. Wapo mashabiki wanaoibeza Deep Space Nine kwamba ni hadithi isiyokwenda popote. Kwangu huo ndio ukubwa wake. Ililazimika kukaa na kuishi na yaliyotokea jana.

Miteremko ya Ngomo haina mengi ya kusimulia isipokuwa hofu. Ni njia iliyokatwa kwenye ubavu wa mlima, lori likija mbele mmoja sharti arudi nyuma, na wasafiri wengi huikwepa kwa kupitia upande wa Rwanda. Tuliipanda, tukapita Nyangezi, na jioni tukaingia Bukavu.

Mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa mtu wa Kigoma baridi yake ya jioni ni ya kutafutia sweta. Rasi zake tano zimeingia Ziwa Kivu kama vidole vya mkono. Wabelgiji waliuita Costermansville hadi miaka ya 1950, na nyumba zao zenye pembe za mviringo zingalipo kando ya barabara kuu. Zilijengwa kwa ajili ya wakazi wachache. Leo Kadutu imepanda mlima mpaka juu, paa la huyu ni kizingiti cha yule.

Kabla ya kunipeleka nyumbani kwake, Papa Prof alitaka nimwone kijana mmoja aliyekuwa mwanafunzi wake, fundi simu karibu na soko la Nyawera. Meza yake ilikuwa ubao juu ya kreti mbili za soda. Alikuwa amefungua simu ya zamani, amelaza bodi yake chini ya kioo cha kukuzia. Akaielekezea hewa moto kwa sekunde chache, akachomoa kwa kibano kidude cha manjano kilicho kidogo kuliko punje ya mchele, chenye mstari upande mmoja, akakiacha kipoe, akaniwekea kiganjani. Kapasita ya tantalamu. Mstari unaonyesha upande chanya. Ukiifunga kinyume inaungua. Nimewachorea wanafunzi wangu ubaoni miaka nenda rudi, lakini sikuwahi kuishika mahali ambapo madini yake yanachimbwa. Tantalamu hutoka kwenye koltani, na koltani inatoka katika milima ya Kalehe, magharibi mwa ziwa hilohilo. Waya aliokuwa akilehemea ni wa bati, na bati hutoka kwenye kasiterite, ambayo Nyabibwe, hukohuko Kalehe, inayo. Magunia yanateremka migongoni mwa wachimbaji, yanavuka mipaka, yanayeyushwa Asia, yanarudi yakiwa simu, na simu ikifa inaletwa kwenye ubao huu.

"Inatoka hapa na inarudiaka hapa," yule kijana akasema bila kuinua macho. "Katikati kule njo bei inapandia."

Kituo cha Sisko kilijengwa kwa biashara ya namna hiyo. Nilimweleza, naye akataka kujua kama Wabajor walikuja kuufungua tena mtambo wa kuchenjulia, wauendeshe kwa faida yao. Nimeipenda hadithi hii zaidi ya nusu ya maisha yangu na swali hilo halikuwahi kunijia.

Nyumbani kwa Papa Prof tulikaribishwa kwa bukari, sombe na sambaza za kukaanga. Samaki hao wa sambaza ni ndugu zetu: walichukuliwa Tanganyika na kupandikizwa Ziwa Kivu mwaka 1959, na mama mwenye nyumba alifurahi kusikia kwamba mgeni na kitoweo wametoka ziwa moja. Umeme ulikuwa umekatika, lakini kompyuta ilikuwa na chaji na juu ya bati kulikuwa na kisahani cha sola. Sebule ikajaa: wakwe, majirani, wanafunzi wawili wa chuo, watoto chini mkekani. Kwa watoto ambao Kifaransa hakijakaa vizuri Papa Prof alitafsiri kwa Kiswahili cha Bukavu, Sisko akiongea kama mzee wa Bagira.

Tulianza na "Emissary", sehemu ya kwanza kabisa. Sisko alipotembea kwenye ile barabara ya maduka yaliyoporwa, mama mwenye nyumba alisema neno moja tu: "2004." Juni ya mwaka huo wanajeshi walioasi chini ya Laurent Nkunda na Jules Mutebusi waliuteka mji na kupora siku kadhaa. Mkwewe akasema hapana, hiyo ni 1996. Oktoba 1996, Marekani wakitazama msimu wa tano wa Deep Space Nine, vita viliingia Bukavu, na tarehe 29 Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa akauawa mjini humu, baada ya kuiandikia dunia barua nyingi za kuomba msaada. Wakaanza kubishana ni mwaka gani unaofanana zaidi na picha. Nilikuwa nimejiandaa kuwaeleza Bajor ni nini. Hapakuwa na haja.

Sehemu niliyoibeba moyoni kwa safari nzima ilikuwa "Duet", ya Juni 1993. Anafika kituoni Mcardassia mmoja mgonjwa, na ugonjwa wenyewe haupatikani popote isipokuwa kwa mtu aliyekuwapo Gallitep, kambi ya machimbo ambako Wabajor walitumikishwa hadi kufa. Kira anamtia ndani. Mtu huyo anasema yeye alikuwa karani tu wa mafaili. Kisha uchunguzi unamgeuza: anasema ndiye Gul Darhe'el, mkuu wa kambi, na anajisifia mauaji mbele ya Kira, neno kwa neno, kana kwamba anasoma orodha ya mavuno. Kira anamtaka anyongwe. Lakini hesabu za tarehe hazilingani, na Darhe'el wa kweli alikwisha kufa. Huyu ni Marritza, karani kweli, aliyekuwa akijiziba masikio usiku asisikie vilio. Amejibadilisha sura makusudi ili ashtakiwe yeye, ili kwa kesi yake Cardassia ilazimike kukiri. Harris Yulin, aliyemwigiza, anapovunjika na kulia pale mahabusu, unaona uso wa mkuu wa kambi ukimwanguka kipande kwa kipande na mtu mdogo akibaki.

Papa Prof akasimamisha diski.

Mama mwenye nyumba ndiye aliyeanza. Alisema huyo karani ni mtu wa thamani kuliko mkuu wa kambi, kwa sababu karani ana majina. Yeye ndiye aliyeandika nani aliingia, nani hakutoka, magunia mangapi yalikwenda wapi. Binti wa jirani, anayesoma sheria, akaleta habari za ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa tarehe 1 Oktoba 2010, iliyoorodhesha matukio 617 ya ukatili nchini Kongo kati ya 1993 na 2003. Denis Mukwege, mzaliwa wa mji huu na mwanzilishi wa Hospitali ya Panzi, aliikumbusha dunia juu ya ripoti hiyo Oslo mwaka 2018, alipopokea Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad. Binti alisema karatasi zipo. Ambaye hajaonekana ni Marritza, mtu wa upande ule atakayesimama na kusema, nilikuwapo, nilisikia, niliandika.

"Atatokaka wapi?" mkwe akauliza. "Na akitoka, nani atamulinda?"

Papa Prof akaiachia diski imalize kujibu. Kira anamfungulia Marritza na kumsindikiza aende zake. Njiani, kwenye umati, Mbajor mmoja anamchoma kisu mgongoni. Kira anamuuliza kwa nini. Huyo si Darhe'el. Jibu la muuaji ni kwamba ni Mcardassia, na hiyo yatosha. Kira, ambaye mwanzoni mwa sehemu hiyohiyo angesema hivyohivyo, ameushika mwili mikononi na anamwambia kwamba haitoshi.

Sijui niseme vipi uzito wa maneno hayo mahali ambapo mtu ameweza kuulizwa kijiji cha babu yake kizuizini, na jibu likaamua kama atalala nyumbani. Mama mwenye nyumba alijifunika mdomo kwa kitenge. Mkwe alitoka nje. Papa Prof, mwalimu mpaka kwenye mifupa, alirudisha dakika hiyo nyuma na kuwatafsiria watoto upya, polepole, akahakikisha wameelewa kila mtu amesema nini. Mtoto mmoja aliuliza kama Kira atamfunga Mbajor mwenzake. Wakubwa hawakukubaliana, na mjadala ukaendelea mpaka kompyuta ikazima.

Siku zilizofuata tulitazama nyingine, zikiwamo za kuchekesha, maana Deep Space Nine ina mfanyabiashara Quark na ulafi wake, na Bukavu inawajua wafanyabiashara. Asubuhi nilitembea hadi mpakani Ruzizi, ambako ziwa linageuka mto kati ya nchi mbili na akina mama wanavuka na mabeseni kichwani. Diski niliziacha pale nyumbani.

Februari 2025 waasi wa M23 waliuchukua uwanja wa ndege wa Kavumu, kisha tarehe 16 mji wenyewe. Kwa muda sikupata habari zozote. Halafu ujumbe wa sauti wa Papa Prof ukaingia kwenye simu yangu: wapo, wazima, benki zimefungwa, bei ya vitu imepanda. Mwishoni akaongeza kwamba wamefika msimu wa saba na ana ugomvi na mimi.

Ugomvi wetu haujaisha hadi leo. Katika msimu huo Cardassia nayo imekaliwa na majeshi ya kigeni, na Kira anatumwa kuwafundisha Wacardassia mbinu za kupambana na mvamizi, yeye ambaye walimfanya mkimbizi nyumbani kwake. Anakwenda. Papa Prof anasema watunzi wamemwonea: kuna mambo ambayo mtu haombwi, na Kira alistahili kukataa bila mtu kumlaumu. Ananitumia ujumbe mrefu, akitaja sehemu na dakika. Namjibu kwamba Kira huyo ni yuleyule wa "Duet", na kama wangembakiza alipokuwa mwanzoni, tungekuwa tumetazama misimu saba ya bure. Ananiambia naongea hivyo kwa sababu niko Kasulu. Sina jibu la hilo, lakini sibadilishi msimamo.

Mkewe yuko upande wangu. Aliichukua simu siku moja akasema Kira hakwenda kule kwa mapenzi ya Wacardassia. Alikwenda kumtafuta karani mwingine. Papa Prof akadakia nyuma kwamba hilo halipo popote kwenye hadithi, na kwamba wanaanza upya msimu wa kwanza, kila mtu na daftari lake.